Mama anakuja Julai: nipande nini sasa ili akute mboga bustanini?

MamaPacha_Leicester · 30 Machi 2025

Assalamu alaikum, na habari za Jumapili kwa wote.

Usiku wa kuamkia leo saa zimesogezwa mbele, kwa hiyo zamu yangu ya usiku imepungua saa nzima. Nilipofika nyumbani, kabla ya kuingia ndani nikapita bustanini, nikaokota bonge la udongo nikalifinya. Bado wa baridi, na unanata mkononi kama unga wa maandazi uliozidi maji. Sasa nimekaa jikoni na chai, watoto wamelala, naandika kabla usingizi haujanichukua.

Mama yangu anakuja. Viza imetoka wiki iliyopita. Ataondoka Muheza mwanzoni mwa Julai, na inshallah tutampokea tarehe 8, siku chache kabla shule hazijafungwa (hapa Leicester zinafungwa mapema kuliko sehemu nyingi za Uingereza, desturi iliyobaki tangu enzi za viwanda). Atakaa wiki 10. Ana miaka 68 na hajawahi kupanda ndege.

Nina watoto watatu: kifungua mimba wa miaka 12, na mapacha wa miaka 7. Mapacha Kiswahili wanakisikia ila hawakisemi. Bibi yao akipiga simu wanamwamkia, wanaitikiwa marahaba, kisha wananirudishia simu. Mama halalamiki, lakini mimi namsikia anavyonyamaza upande wa pili. Hilo linaniuma kuliko kitu chochote nilichokiacha nyumbani.

Na mama hajui kukaa bure. Toka namfahamu anaamka alfajiri, anaswali, anashika jembe. Naogopa nisije nikamfungia sebuleni mbele ya televisheni ya lugha asiyoijua, watoto wameinamia tableti, mimi nimelala kwa sababu nimetoka zamu. Nimeomba likizo ya wiki 3 mfululizo kuanzia katikati ya Julai. Hatusafiri, hatulipii viwanja vya michezo. Nataka siku za polepole: tukae nje, tule nje, jua la Juni na Julai huku linazama saa tatu na zaidi za usiku, tulitumie lote.

Kwa hiyo nataka akute mboga. Mchicha, majani ya maboga, chochote atakachokitambua kwa kukitazama tu.

Nafasi ninayo. Nyuma ya nyumba ni kama mita 5 kwa 9, nusu kivuli cha uzio. Halafu Februari, baada ya kusubiri miaka 3, nimepata nusu ploti kwenye mashamba ya halmashauri, yale ya alotimenti. Huku bado wanapima kwa rodi: ploti nzima ni rodi 10, kama mita za mraba 250, mimi nimepewa rodi 5. Yote ilikuwa imeliwa na sangari. Nimeng'oa theluthi moja kwa mkono, maana ukiikata kwa sepetu kila kipande cha mzizi kinazaa upya.

Mwaka jana nilikosea. Wiki ya kwanza ya Aprili jua liliwaka siku 3, nikamwaga mbegu za mchicha nje. Wiki 3 kimya. Kisha vikatoka vijimche vyekundu vyekundu, vikasimama palepale mwezi mzima bila kuongeza jani, na usiku mbili tu makoa wakavimaliza.

Kuhusu mbegu: mwaka juzi dada yangu alinibebea za nyumbani zimefungwa kwenye pindo la kanga, zikachukuliwa uwanja wa ndege. Tukaelezwa kwamba mbegu za kupanda kutoka nje zinatakiwa cheti cha afya ya mimea. Mama nimeshamwambia asijaribu. Nitanunua hukuhuku.

Naomba mnisaidie: nianze na nini sasa, nini kisubiri, ili Julai 8 kiwepo cha kuchuma? Na nyie mliowahi kupokea wazazi kiangazi, siku zenu zilikwendaje?

---

Mzee wa Ploti 14, Birmingham · 31 Machi 2025

Dada, salamu. Mimi ni Mkenya wa Nakuru, nalima ploti ya halmashauri hapa Birmingham mwaka wa 11 sasa. Kosa lako la mwaka jana nililifanya miaka 2 mfululizo, kwa hiyo usijilaumu.

Jua la Aprili linaonekana tu, halijashuka ardhini. Mchicha, ambao sisi tunauita terere, unataka udongo wa nyuzi 18 au 20 kwenda juu. Chini ya hapo mbegu inakaa inaoza, au inachipuka ikiwa mgonjwa. Halafu kuna jalidi, umande unaoganda usiku. Hapa kwetu katikati ya nchi jalidi inaweza kupiga hadi katikati ya Mei, na usiku mmoja unatosha kuua kila kitu kilichozoea joto. Mimi miche ya joto siitoi nje kabla ya Juni. Majirani wananicheka tarehe 20 Mei, tarehe 10 Juni tunalingana.

Sasa nikupangie nikirudi nyuma kutoka hiyo Julai 8 yako.

Viazi ndivyo vya kuanza leo. Nunua mbegu za viazi vya mapema, zipange kwenye trei za mayai, macho juu, dirishani penye mwanga. Baada ya wiki 2 vitakuwa vimeanza kutoa machipukizi mafupi. Panda karibu tarehe 12 Aprili. Aina za mapema huchukua kama wiki 12, hesabu mwenyewe: vinaiva mama akiwa anashuka kwenye ndege. Na usivichimbe wewe! Waache watoto wavichimbe pamoja na nyanya (bibi) yao. Hakuna mtoto niliyemwona akachoka kuchimba viazi. Kila ukipindua udongo kuna kingine.

Sukuma wiki nayo sia leo, ndani au kwenye kibanda cha kioo. Haiogopi baridi. Mei unaihamishia shambani, na siku hiyohiyo unaifunika wavu. Usingoje kesho. Njiwa wa mwituni watakuja asubuhi, na vipepeo weupe watataga chini ya majani, na viwavi wao wataacha mishipa mitupu.

Maboga: mwisho wa Aprili, mbegu moja moja kwenye chungu kidogo, isimamishe kwa ubavu isilale. Juni mwanzoni yatoe nje, uchimbe shimo, ujaze samadi iliyooza. Mwanzoni mwa Julai utakuwa na majani machanga ya kuchuma. Chuma ncha, usiunyonyoe mmea wote.

Mchicha wenyewe: wiki ya kwanza ya Mei, kwenye trei, ndani ya nyumba. Juni mwanzoni unahamishia nje, na kutoka hapo unakimbia. Mbegu usihangaike. Jirani yangu wa ploti 15 ni mzee wa Jamaika, yeye anauita kalalu, na wauza mbegu wa hapa wanauza kwa jina hilo. Siku ya kwanza aliponiona nauchuma alisimama akaniuliza nimeujulia wapi. Tumekuwa marafiki tangu hapo.

Mahindi yetu meupe yaache. Nilipanda mwaka mmoja, yakapanda juu kunipita, mabua mazuri sana, na jalidi ya Oktoba ikayakuta punje bado maji. Panda haya matamu ya manjano, na uyapande kwa mraba, mistari 4 kwa 4, si mstari mmoja mrefu, kwa sababu chavua yake inabebwa na upepo.

Mwisho, na hili nalisema kwa uzito: mnavu, managu wetu, unajiotea huku kama gugu. Mama ataliona na kufurahi. Lakini asichume kitu cha njiani ambacho hamna uhakika nacho, maana kuna mmea wa ukoo huohuo hapa Uingereza wenye matunda meusi yanayong'aa ambao ni sumu ya kuua. Mweleze mapema, kabla hajatoka na kikapu.

Makoa: zika kopo hadi shingoni, mimina bia. Wanaingia wenyewe.

---

MamaPacha_Leicester · 31 Machi 2025

Shikamoo mzee wangu. Nimenakili yote kwenye daftari, tarehe kwa tarehe. Trei za mayai ninazo, nimeshawaambia mapacha wasitupe. Kuhusu makoa, bia nyumbani kwangu haiingii. Kuna njia nyingine?

---

Dada wa Minneapolis · 2 Aprili 2025

Shoga, tumia hamira. Kijiko cha hamira, kijiko cha sukari, maji ya vuguvugu kikombe kimoja, acha iumuke kidogo ndipo uweke kwenye hilo kopo. Harufu ya kuchachuka ndiyo wanayoifuata.

Mimi ni wa Mwanza, niko Minnesota, Marekani. Huku theluji inaweza kutuangukia hadi Aprili, na watu wengi hawatoi miche nje kabla ya Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Lakini kiangazi chetu kikifika ni joto la kweli, siku kadhaa za Julai zinapita nyuzi 30, na mchicha unakua hadi unaogopa. Majani ya maboga hata silimi sana, kwa sababu kwenye soko la wakulima la St. Paul kuna akina mama wa Kihmong, watu wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, wanauza ncha changa za maboga mafungu kwa mafungu. Nao wanazila kama sisi. Mara ya kwanza kuziona nilisimama pale nikalia, na yule mama akaniongeza fungu bila kuniuliza kitu.

Ila nimeingia hapa kwa ajili ya lile swali lako la pili.

Mama mkwe wangu alikuja miaka 4 iliyopita. Tulijiandaa miezi. Bustani tulikuwa tumeimaliza: tumelima, tumepanda, tumepalilia, tumeweka kiti cha plastiki chini ya mti ili apumzike. Kila akiinuka tunamwambia "kaa mama, umechoka." Kila akishika sufuria tunamnyang'anya. Tuliona ndiyo heshima. Wiki ya tatu akamwambia mwanawe taratibu kwamba angependa tarehe ya tiketi irudishwe nyuma. Tulidhani ni chakula, tukadhani ni baridi ya kiyoyozi. Mpaka siku moja nimemkuta amechuchumaa kwenye ufa wa saruji mbele ya gereji, anang'oa majani kwa kijiko cha chai. Hapo ndipo nikaelewa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimnyima jembe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja. Usimalize kila kitu kabla hajafika. Mwachie tuta moja tupu. Lisafishe tu sangari, liwe wazi, usipande hata mbegu moja. Akifika mwambie "mama, hili lako." Na mnunulie jembe lenye mpini anaouweza, si yale masepetu ya huku ya kukanyagia mguu, yanaumiza mgongo wa mtu aliyezoea kuinama na jembe.

---

Bibi wa Muscat · 3 Aprili 2025

Mwanangu, nimesoma nikacheka kwa furaha, maana sisi huku mambo yamegeuka. Msimu wa bustani kwetu ni Oktoba mpaka Aprili. Sasa hivi ndiyo navuna nyanya za mwisho. Ikifika Juni joto linapita nyuzi 40 na hata ua linahitaji turubai. Kiangazi tunakwenda Salalah, kusini mwa Oman, kama kilomita 1,000 kwa gari, kwa sababu kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba kule ni khareef: ukungu, manyunyu, milima imegeuka kijani, na pembeni mwa barabara wanauza madafu na ndizi. Marehemu mama yangu alizaliwa Pemba. Mara ya kwanza kumpeleka aliteremka garini, akavua viatu akasimama kwenye majani mabichi, hakutaka kuondoka.

La kwangu dogo tu. Tandika mkeka nje, karibu na mlango wa jikoni. Si meza na viti, mkeka. Watoto huwa hawamkalii mtu mzima aliye kwenye kiti, lakini aliye mkekani wanamwegemea.

---

MamaPacha_Leicester · 7 Septemba 2025

Assalamu alaikum wote. Mzee wangu wa Ploti 14, shikamoo. Bibi wa Muscat, shikamoo. Dada wa Minneapolis, wewe nitakuombea dua kila siku.

Niliahidi moyoni kwamba nitarudi kuwaeleza. Mama yupo bado, anaondoka tarehe 16. Sasa hivi yuko mkekani anachambua maharage na mapacha, namsikia kutoka hapa.

Viazi vilitii hesabu ya mzee. Tulivipanda Aprili 12 na tukachimba Julai 13, mama akiwa na siku 5 tu Uingereza. Kitu cha kwanza alichoshika kwenye udongo wa nchi hii ni kiazi. Alikipangusa na kanga, akakinusa, akasema "una mfinyanzi mwingi huu, mnauwekea nini?" Nikajua amefika.

Makoa mwaka huu hawakunisumbua, hamira nilitega mara mbili tu. Shida ikawa maji. Kwa England, majira ya kuchipua yalikuwa makavu kuliko yote kwa zaidi ya miaka 100, na katikati ya Julai sehemu yetu ya Midlands, yaani katikati ya England, ikatangazwa kuwa kwenye ukame. Udongo wangu ule wa maandazi ukapasuka nyufa unazoweza kuingiza kiganja. Wiki iliyopita Met Office, idara ya hali ya hewa ya huku, wametangaza kwamba kiangazi hiki ni cha joto kuliko vyote Uingereza tangu walipoanza kuweka kumbukumbu mwaka 1884, wastani wa nyuzi 16.1. Nikamtafsiria mama. Akaniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri, kisha akavuta sweta.

Lakini huo ukame ndio uliowafungua mapacha midomo.

Ilikuwa hivi. Mashambani kuna matangi, na kila jioni tulibeba maji kwa keni hadi kwenye ploti, umbali wa hatua kama 80. Mama alitoboa chupa za plastiki vitako, akazizika shingo chini kando ya kila shina la boga, na kazi ya mapacha ikawa kuzijaza. Bibi hajui Kiingereza, mimi niko upande wa pili napalilia, kwa hiyo anayetaka kitu hana wa kumtafsiria. Siku ya pili au ya tatu nikasikia wa kiume anapaza sauti: "Bibi! Maji imeisha! Nilete ingine?" Mama akajibu bila kuinua kichwa, "Maji yameisha. Nilete mengine." Akaenda, akaleta. Kesho yake: "Bibi, maji imeisha." "Yameisha." Hakumgombeza, hakumsifu, alirudisha neno tu kama anavyorudisha keni tupu. Sijui ilikuwa siku ya ngapi, nimeinama kwenye sukuma, nikasikia, "Bibi, yameisha, nilete mengine?" na mama akasema "lete." Basi. Nilibaki nimeshika gugu mkononi, sikuweza kuendelea kwa muda.

Majani ya maboga ndiyo yamekuwa chakula chetu cha jioni. Tunachuma saa moja na nusu, tunarudi, mama anakaa mkekani na sinia. Pacha wa kike amejifunza mpaka ananipita: unashika kikonyo, unakivunja ncha kidogo bila kukikata, halafu unavuta taratibu kushuka, na zile nyuzi zinatoka ndefu mpaka kwenye jani. Ukivuta kwa pupa zinakatikia njiani na itabidi uanze upande mwingine. Akikosea anarudia. Jani likiwa gumu analipeleka puani kwa bibi yake, "hili limekomaa?" na bibi analibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kujibu. Tunayapika kwa nazi na nyanya, tunakula na ugali palepale nje, na mwezi wa Julai tulikuwa tunamaliza kuosha vyombo saa tatu na robo usiku mwanga bado upo. Mama hilo hakulizoea. Alikuwa akiangalia saa, akiangalia mbingu, akiuliza "na isha yenu mnaiswali saa ngapi?" Na kweli isha ya Julai huku ni usiku mkubwa, alikuwa anaisubiri amekaa mkekani, na watoto nao wanakaa naye kwa sababu hakuna aliyewaambia wakalale.

Kifungua mimba bustani haikumwingia, siwezi kusema uongo. Alikuja mara chache kusukuma toroli akarudi. Lakini zile trei za mayai, baada ya viazi kupandwa zilikuwa zimebaki kibandani. Mama alichukua mbili, akaziunganisha kwa gundi ya karatasi, akakata zikabaki safu 4 za mashimo 8, akahesabu maharage 64. Bao. Kumbe mama anacheza bao, babu yangu alimfundisha, na mimi mwanawe nilikuwa sijui. Kifungua mimba kafungwa wiki 2 mfululizo. Sasa kila akitoka kuoga anauliza, "Bibi, tayari?"

Safari tumefanya moja tu, Bradgate Park, kwa basi. Mama alitazama kulungu wa kule, watoto wakachezea maji kwenye kijito. Na Agosti nzima kando ya njia ya alotimenti matunda meusi ya miibani yalikuwa yameiva, ya bure. Mama anayaita forosadi. Nimemwambia si forosadi, hizi ni za miiba. Anasema "forosadi za miiba" na anaendelea kuchuma. Tumegandisha mifuko 6.

Tuta tupu nililiacha, dada. Mita 1 kwa 3, nilipolisafisha Juni kila aliyepita aliniuliza mbona sipandi. Nilipomwambia "mama, hili lako," alilizunguka kwanza. Kisha akaagiza mchanga. Akawapa mapacha bakuli, wachanganye mbegu za mchicha na mchanga mkavu, kiganja kwa kiganja, ili zile mbegu ndogo zisianguke mahali pamoja. Akamwaga mwenyewe, Julai 15, akafunika juu na majani makavu, wakamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya 5 ulitoka. Ule wangu wa kitalu, uliohangaikiwa dirishani tangu Mei, ulikuwa mzuri na tumeula. Ila huu wa mama ndio majirani walisimama kuutazama, na mwanamke wa ploti ya mbele, Mgujarati, alileta dhania na uwatu kubadilishana.

Sasa nina swali jipya, mzee. Mashina 3 ya mchicha wa mama tumeyaacha yakomae kwa ajili ya mbegu, vichwa vimejaa, vimeinama. Bado ukivipukuta mkononi zinatoka chache, nyeusi zinazong'aa, na nyingine nyeupe. Mvua imeanza kurudi juzi. Nivikate sasa au nisubiri? Mama anasema nisubiri zikaukie shambani kama kwetu, na anataka azione zimefungwa kabla hajaondoka tarehe 16.

---

Mzee wa Ploti 14, Birmingham · 7 Septemba 2025

Marahaba binti yangu, na umwamkie mama kwa niaba yangu.

Kwao angesubiri na angekuwa sahihi. Hapa usisubiri, mvua ya Septemba itaziozesha kichwani. Kata Jumatano kama kutakuwa kukavu, mchana, umande ukiisha. Kata na shina lote, ingiza kila kichwa kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki, funga shingoni, ning'iniza kichwa chini jikoni karibu na bomba la maji ya moto. Siku 5 zitatosha. Tarehe 15 jioni apukute mwenyewe juu ya sinia, apepete makapi nje ya mlango. Zile nyeusi ndizo zilizokomaa, nyeupe wape ndege.

Nikibahatika kupata hata kijiko kimoja kwa posta, nitazipanda karibu na za mzee wa ploti 15.